Jani la Isale kwenye Meza ya Kahawa

Desemba iliyopita nilipanda mlimani kwa bibi kama kila mwaka, ila safari hii nilikwenda kumfungia nyumba. Tulikuwa tumemzika mwezi mmoja kabla, palepale kihambani, kwenye shamba la ukoo, kando ya migomba yake. Ndani ya kopo lake la vifungo nikaikuta dadu yetu ya bluu, ile yenye nyuso ishirini, pembe moja imemeguka. Sikujua kwamba aliitunza. Nilikaa sakafuni nayo mkononi, na sasa sogea nikusimulie, maana hili sijawahi kumwambia mtu na limenichosha kulibeba.

Baba yangu alikuwa mpagazi wa mlimani. Mgeni mmoja, aliposhuka, alimwachia soksi za sufu, tochi na kitabu kinene cha mchezo pamoja na dadu hiyo. Kila mchezaji anakuwa shujaa wa kubuni, kiongozi anasimulia safari, na palipo na hatari dadu inaamua: namba kubwa inaokoa, ndogo inajeruhi. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza. Mimi nilikuwa mtoto wa mjini, Shirimatunda, nikisoma shule ya Kiingereza, kwa hiyo likizo ya mwezi wa sita nilipopanda kwa bibi nilijiteua kiongozi. Binamu zangu wawili walisoma shule ya kijijini. Waliniamini kama wanavyomwamini mchungaji.

Tulicheza alasiri, tukishamaliza kukata majani ya ng'ombe, juu ya meza ya wavu ya kuanikia kahawa. Tulitandika gunia ili dadu isipenye. Baridi ya mwezi ule unaijua kama umekulia huku: ukungu unaingia hadi jikoni, moshi hautaki kutoka, na harufu ya mtori wa ndizi inakutafuta ulipo. Uhai wa kila shujaa tuliuhesabu kwa buni kavu, kumi kila mmoja. Ukijeruhiwa unatoa moja. Zikiisha, umekufa.

Mchezaji wa nne alikuwa binti wa jirani, ng'ambo ya ua wa masale, ile mimea ya majani marefu inayogawa mipaka. Mama yake alikuwa mgonjwa wa kitandani, na yeye ndiye aliyepika, akafua na kulea wadogo zake watatu. Saa ile moja kwenye meza yetu ndiyo pekee aliyokuwa nayo kwa siku. Shujaa wake alikuwa mwanamke asiyepotea kwenye ukungu. Alimwandika kwenye jalada la daftari, akamchora na mbeleko, na alipoanza kueleza anavyotembea, binamu zangu waliacha hata kutafuna miwa. Alisimulia vizuri kunishinda mimi mwenye kitabu. Nilimchukia kwa hilo. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nilimchukia kama mtu mzima anavyochukia.

Basi nikaanza kumkaba kwa kanuni. Akitaka kupanda mti, nilifungua kitabu na kusoma aya nzima kwa Kiingereza, polepole, kisha nikasema hairuhusiwi. Wengine niliwaachia. Akiuliza kwa nini, jibu langu lilikuwa moja: kitabu kimesema. Sikuwaambia kwamba ukurasa wa kwanza kabisa ulisema kanuni zote ni msaada tu, na kiongozi azilegeze pale zinapoharibu raha ya wachezaji. Niliusoma siku ya kwanza. Nilipowasomea wenzangu niliuruka kwa makusudi, na kila nilipofungua kitabu nilikifungua kuanzia katikati.

Siku hiyo alikuwa amebakiwa na buni moja. Shujaa wake alikuwa akivuka korongo. Akarusha dadu, ikabiringika, ikaegemea mkunjo wa gunia, nusu inaonyesha kumi na tisa na nusu inaonyesha moja.

"Irudiwe, imeegemea," binamu mkubwa akasema.

"Kitabu hakijasema kurudia," nikajibu. "Ni moja. Amekufa."

Hakulia. Aliuliza kama anaweza kuanza na shujaa mwingine. Nikamwambia kitabu kimesema aliyekufa haruhusiwi tena mpaka safari iishe, na safari ingeisha likizo ikiisha. Kitabu hakikusema hivyo popote.

Kesho yake alikuja na jani la isale la ule ua, amelifunga fundo, amelishika kwa mikono miwili. Kwetu Uchaggani jani hilo ni ombi la msamaha, na anayeletewa hukubali, hata kama ameuliwa ng'ombe au mtoto. Yeye hakuwa amenikosea chochote. Aliweka jani mezani, akasema, "Dada, kama nilikuudhi nisamehe. Nirudishe."

Binamu zangu walinitazama wakijua jambo limekwisha. Nikafungua kitabu, nikapekua kurasa, nikasema, "Humu hakuna isale." Kisha nikalichukua lile jani, nikalitumia kufagia buni yake ya mwisho, iliyobaki mezani tangu jana, hadi kwenye matope.

Bibi alikuwa akitokea zizini na ndoo ya maziwa, akaona. Hakunipiga, na nilitamani anipige. Aliitwaa dadu, akaifunga kwenye pindo la kanga. "Mjukuu wangu," alisema, "aliyeletewa isale hana jibu lingine. Wewe umelipata wapi hilo lako?" Hatukucheza tena. Mama wa yule binti alifariki kabla ya Krismasi, watoto wakatawanywa kwa ndugu, na mimi sikwenda kuwapa pole. Niliona aibu, na aibu niliiita shughuli za shule.

Basi, nilipoipata dadu, nilimuulizia yule binti, nikaambiwa sasa ni fundi cherehani pale Kiboriloni. Nikaamua kwenda na isale. Lakini ua wa bibi haupo tena. Wajomba waling'oa masale yote wakajenga ukuta wa tofali, na jirani naye amejenga wake. Nilitembea nusu saa bila kuona hata shina moja. Mwishowe nililipata mjini, kwenye bustani ya maua kando ya barabara, limepandwa kwenye kopo kama pambo. Nikanunua, nikakata jani, nikafunga fundo ndani ya gari.

Nilipoingia kwenye kibanda chake cha kushonea, alinitambua kabla sijasema jina. Alinisogezea kigoda, akauliza habari za msiba, akasema bibi alikuwa mtu mwema. Nikaweka dadu kwenye meza yake ya kukatia nguo, na jani kando yake. Nikamweleza habari za ukurasa wa kwanza.

"Ulikuwa unajua?" akauliza.

"Nilikuwa najua."

Alilinyanyua jani, akalinusa, akaligeuza. "Hili umelitoa wapi?"

Ningeweza kudanganya. Nikasema nimelinunua.

"Siku hizi mnanunua," alisema bila hasira, kama anayeambiwa bei ya uzi. Akaisukuma dadu kwangu kwa kidole. Kisha akafagia kwa lile jani vipande vya vitambaa vilivyokuwa mezani, taratibu, hadi sakafuni, na jani lenyewe likafuata. Akaniuliza kama ninakunywa chai ya maziwa au ya rangi. Nikasema ya rangi, nikainywa yote, naye akaendelea kushona.