Siku Niliyoyacheka Maji

Bado nalikumbuka kwa hamu darasa letu la sayansi ya familia chuoni Lamu, lilivyonukia iliki na mafuta ya cherehani. Humo ndimo nilimoaibika, siku ya mtihani wa mwisho: kumwogesha mtoto mchanga. Kuufeli kulikuwa kurudi Pate bila cheti.

Kwetu Pate njia ni ndia, na kucheka ni kuteka. Bi Mwanaisha, mwalimu wetu, alituonya kuwa mtahini wa bara anataka Kiswahili sanifu. Kwa wasiwasi wangu, wiki nzima kila "te" niliyoishuku niliigeuza "che".

Nikasimama na mwanasesere mkononi. "Kwanza, mama acheke maji safi."

"Acheke nini?" mtahini akauliza.

Nikadhani hakusikia. "Maji, Bwana. Ayacheke kwa kata, polepole, asimwamshe mtoto."

Nyuma, rafiki yangu Zuhura alijiziba mdomo kwa buibui, mabega yakimtikisika. Leo ningetoa chochote niyaone tena mabega yale.

Mtahini akaweka kalamu chini. "Haya, Bi. Pipa lile pale. Yacheke, tukuone."