Nondo Aliyemgomea Mama Maliza

Mke wangu anajulikana kama Mama Maliza, na jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wanafunzi wa chuo cha ufundi ambako yeye ndiye mpishi mkuu. Husimama mlangoni mwa bwalo, mwiko mkononi, akikagua sahani zinazorudishwa. Ukipita na sahani yenye chakula hakugombezi. Anakutazama tu, kisha anasema, "Maliza." Wamepita pale vijana wenye vifua vya kubebea injini, na wote wamemaliza.

Mimi ni fundi saa. Kazi yangu ni ya kimya, ya lenzi jichoni na kushikilia pumzi, na pengine ndiyo maana tumewezana. Mwenye sauti nyumbani ni yeye. Akisema mtu ana njaa, basi mtu huyo ana njaa, hata kama ndio kwanza ameinuka mezani. Tangu nimwoe sijawahi kumshinda katika hilo, na kitambi changu ni shahidi.

Aliyemshinda ni mama yake mzazi.

Mama mkwe alikuja kukaa nasi baada ya hospitali kusema haina la kuongeza. Tulimpa chumba cha nyuma chenye dirisha linalotazama bustani. Alikuwa amekula chumvi nyingi, akili timamu, ulimi mkali kuliko visu vyote vya binti yake, ila mwili ulikuwa umechoka. Kisha akaacha kula. Muuguzi aliyekuwa akija kumwangalia alitueleza bila kuficha kwamba mwili ukifika hapo hautaki tena chakula. Tumloweshe midomo, tukae naye, tusimlazimishe. Mke wangu alimshukuru, akamsindikiza hadi getini, halafu akarudi jikoni moja kwa moja kuinjika uji.

"Yule binti anajua mambo ya sindano," aliniambia. "Ya chakula aniachie mimi."

Ikawa vita. Uji mzito, uji mwepesi, supu iliyochujwa kwa kitambaa. Asubuhi kabla ya kazi, mchana akitoroka bwaloni, jioni tena. Mama alifumba midomo na kugeukia ukutani, na mke wangu akatoka na bakuli lile lile, ananipita sebuleni bila kunitazama. Niliwaonea huruma wote wawili. Siku za mama zilikuwa zinayoyoma, nao walikuwa wanazimalizia kwenye kugombania kijiko.

Asubuhi moja ya mapumziko tulisikia sauti kutoka chumba cha nyuma.

"Jamani! Kuna kitu kimeng'ang'ania kwenye mpera. Nileteeni nikione."

Mpera ule ulikuwa umetutia hasira msimu mzima, kwa kuwa kuna kitu kilikuwa kikitafuna majani yake hadi kubakiza vijiti. Mke wangu alichukua sinia, akakisukumiza polepole kwa kidole hadi kikapanda. Alipokiweka kitandani, wote tulitoa macho. Kilikuwa kikubwa kuliko kiganja changu, cha rangi ya kahawia yenye wekundu kwa mbali, na kila bawa lilikuwa na doa la duara mithili ya jicho.

"Kipepeo," alitangaza mke wangu.

"Kipepeo gani ana manyoya kama paka?" mama aliuliza. "Huyo ni nondo. Ila nondo gani? Nataka kumjua. Sitaki kuondoka na swali."

Neno hilo la kuondoka lilimchoma mke wangu, nilimwona. Akaivamia simu, akafungua picha moja baada ya nyingine. Nondo walikuwa wengi na wote wakubwa.

"Huyu kalegea," alisema hatimaye. "Ana njaa. Akishiba atachangamka, tutamwona vizuri."

Akaleta ndizi mbivu iliyopondwa. Nondo kimya. Akaleta maji ya sukari kwenye kifuniko cha chupa. Kimya. Akaleta asali kwenye ncha ya njiti, akaisogeza hadi usoni kabisa, na nondo akainua mguu mmoja, akausogeza kando kwa adabu zake.

Mama alicheka hadi akakohoa. Hatukuwa tumekisikia kicheko kile kwa muda mrefu.

"Kakugomea! Mama Maliza, kakugomea!"

Nilikwenda kuchukua lenzi yangu. Simu ilisema jamii moja ya nondo wakubwa ina ulimi mrefu uliojikunja chini ya kichwa, na nyingine, ya nondo wa hariri, ina vipapasio vinavyofanana na kitana. Vipapasio vya kitana niliviona mara moja. Nikauinamia uso wake kutafuta ulimi. Mtu aliyezoea kutafuta springi nyembamba kuliko unywele hawezi kupitwa na ulimi uliojikunja. Haukuwepo. Palikuwa na manyoya tu.

"Ni wa hariri," nikasema. "Na hana mdomo wa kulia."

"Acha utani wako." Mke wangu akaninyang'anya lenzi, akaibana jichoni, akainama. Alikaa vile hadi nikaanza kuuonea huruma mgongo wake. Alipoinuka alichukua simu, akasoma kwa sauti yake ya bwaloni, ambayo ilizidi kushuka kadiri alivyoendelea. Nondo wa aina hii hula akiwa kiwavi. Hula majani mchana na usiku, kisha hujifunga ndani ya kifuko. Akishatoka na mabawa hali tena. Huishi siku chache kwa akiba ile ile.

"Kumbe ndiye aliyetumalizia mpera," mama alisema.

"Ndiye," mke wangu akasema.

"Basi hana njaa, mwanangu. Alishakula." Akanyoosha mkono, akaligusa sinia. "Na mimi nilishakula. Kwako nimekula vizuri sana. Itazame sahani yangu, mpishi. Nimeirudisha tupu."

Mke wangu aliondoa ndizi, akaondoa kifuniko, akaondoa ile njiti, akavipeleka jikoni. Nilisikia bomba likimwaga maji kwa muda mrefu kuliko vyombo vile vilivyohitaji. Nondo nilimrudisha mimi kwenye mpera.

Kesho yake mchana mke wangu alitoroka bwaloni kama kawaida. Alisimama mlangoni mwa chumba cha nyuma, mikono mitupu, hajui aiweke wapi.

"Leo umeniletea nini?" mama aliuliza.

"Sijaleta kitu, mama."

"Afadhali." Mama akajivuta kidogo kuelekea ukutani, nafasi ikapatikana. "Haya, vua viatu, upande."

Akavua viatu vyake vya jikoni, akapanda, akalala ubavuni mwa mama yake. Kule chuoni, siku hiyo, wanafunzi walirudisha sahani walivyotaka na hakuna aliyewauliza.