Jani Lisilo na Ua

Nakumbuka asubuhi moja ya miaka ya sitini, mwanangu. Nilikuwa kijana wa Amagoro, mchoraji niliyejifunza mwenyewe kwa kunakili picha zilizo kwenye pakiti za mbegu, kule madukani Busia. Maua ya pakiti hayanyauki. Hilo ndilo lililoniharibu.

Mama Taaka, mjane wa mtunza bustani mmoja wa Malaba, aliniita. Bustani aliyoipanda marehemu mumewe ingefyekwa kesho yake, ghala lijengwe. Lilibaki yungiyungi moja, la aina inayofunguka asubuhi na kusinyaa siku hiyo hiyo. Alitaka picha ya ua hilo tu, abaki na kitu kilichotoka mkononi mwa mumewe.

Nakiri, niliogopa petali. Niliogopa kulikosea ua la marehemu. Basi nikaanza na jani, eti nipashe mkono moto. Nikafuta. Nikachora tena, nikahesabu mishipa, nikafuta hadi karatasi ikaota manyoya. Haraka haraka haina baraka, nilijiambia, nikajificha nyuma ya methali kama mtoro nyuma ya choo cha shule. Nikasahau kwamba ngoja ngoja nayo huumiza matumbo.

Mama Taaka alileta chai, akatazama, akarudi jikoni. Aliporudi kuchukua kikombe aliikuta chai imepoa.

"Kijana, hiyo jani itakungoja mpaka Krismasi. Maua haiwezi."

"Bado kidogo, mama. Mshipa huu umepinda."

"Hata bwana yangu alipinda mgongo. Mimi nilikuwa namjua tu."

Nilipoinua macho, ua lilikuwa limejikunja kama kitambaa kilicholowa. Kesho yake trekta ikaja.

Nilitaka kuichana karatasi. Akaninyang'anya, akaibandika ukutani: jani moja lisilo na kasoro, na juu yake pengo jeupe. Wageni wakimwuliza ua liko wapi, alikuwa akijibu, "Fundi bado anapima." Wao wakicheka. Mimi kwa miaka mingi nilipita njia ya nyuma nisilisikie jibu hilo.

Nawe nakuona unavyofuta, mwanangu. Anza na kile kitakachonyauka kwanza. Jani lina subira. Ua halina, na mzazi anayezeeka hana. Likipinda, lipinde, aliyelipenda atalitambua.

Mungu akupe mkono mtulivu. Na ukitetemeka, akujalie uchore hivyo hivyo, ua likiwa bado wazi.