Refa na Gego la Mwisho

Mzee Filimbi, refa wa mechi za mtaani, alikuwa na ugonjwa mmoja: akishaamua, ameamua. Aliwahi kuchagua rangi ya kijani kwa ajili ya chumba cha kulala, akaona inamtia kichefuchefu, na bado akalala humo miaka na miaka.

Wiki ya fainali, ambayo ingekuwa mechi yake ya mwisho kabla ya kustaafu, shavu lilimvimba mpaka mdomo ukagoma kufunguka. Binti yake, naye refa, lakini ambaye baba hakuwahi kumpa zaidi ya kushika kibendera, akamkokota hadi kwa daktari wa meno.

Daktari aliweka picha ya eksirei kwenye taa. "Mzee, haya ya mbele yanakata. Haya yenye ncha, chonge, yanararua. Magego huku nyuma yanasaga. Sasa gego lako la mwisho lilichelewa kuota, likakosa nafasi. Limelala ubavu, linamsukuma mwenzake."

"Linacheza rafu," akasema mzee kwa upande mmoja wa mdomo.

"Tena rafu mbaya. Lingekuwa limetulia, tungeliacha. Kwa hali hii, ama nikupe dawa uvimbe upungue, tulitoe wiki ijayo, ama tulitoe leo. Koleo peke yake haitoshi. Nitapiga ganzi, nipasue ufizi, nilikate vipande..."

"Nje, leo hii!" Mkono wa mzee ulishaelekea mlangoni, kama anayemtoa mchezaji.

"Sijamaliza. Likitoka leo, hupulizi kitu wiki nzima. Damu iliyoganda kwenye shimo ikibanduka, utajuta kuzaliwa."

Fainali ilikuwa keshokutwa. Mzee alikodoa macho.

"Baba, badilisha tu," binti akanong'ona. "Humu hakuna mashabiki."

Roho ilimuuma kuliko jino. Mechi ile aliitaka kwa moyo wote. "Refa habadilishi," akasema, akaachama kadiri alivyoweza.

Basi filimbi akapewa binti, maana hakukuwa na mwingine. Mzee akakaa pembeni ya uwanja, pamba shavuni. Mechi ikielekea ukingoni, binti akakataa goli. Uwanja ukachafuka. Mzee naye alikuwa ameliona vizuri, na kwake lile lilikuwa goli halali! Akasahau jino, akasahau umri, akaingia uwanjani akipunga mikono na kubwabwaja maneno yasiyoeleweka.

Binti hakurudi nyuma hata hatua. Alimtazama kama anavyomtazama mtu yeyote aliyevamia mchezo, akatoa kadi nyekundu, akaiinua juu.

Mzee akatoka kichwa chini huku watu wakimzomea. Machozi yalimtoka, na hayakuwa ya uchungu. Miaka yote hiyo alikuwa amembania huyu mtoto kwa kibendera!

Mlinzi wa geti alimwonea huruma. "Pole, mzee. Jino bado linauma?"

Akatikisa kichwa, akageuka kutazama uwanjani.

"Umemwona yule refa?" akasema kwa shida. "Wangu yule."