Chipu Saba Chali

Kuna watu wanaoongea ili wapate kitu, na kuna Bi Chaki, aliyeongea kwa sababu kunyamaza kulimbana mbavu. Alikuwa fundi cherehani, miaka hamsini na minane, na duka lake la mlango mmoja lilikuwa na cherehani mbili, meza ya kukatia na kiti cha mteja kilichokaa upande. Mteja aliyekuja kupunguza kiuno cha suruali aliondoka anazijua ndoa tatu za mtaa ule na namna zilivyovunjika. Jina la Chaki alipewa na wateja haohao, kwa kuwa kipande cha chaki hakikumtoka sikioni hata siku za msiba.

Basi hebu fikiria mateso ya mtu wa namna hiyo kukaa miaka miwili kwenye kundi ambalo hakuruhusiwa kusema hata neno moja.

Kundi lenyewe lilikuwa la kwenye simu, la watu wanaounda kompyuta za kizamani kwa mikono yao. Nasema za kizamani hasa: za chipu nyeusi zenye miguu pande mbili, ambazo hazichezi filamu wala hazipigi picha, na zikiweza kuandika jina lako kwenye kioo cha televisheni, mwenye nazo huruka kama amejaliwa mapacha. Bi Chaki aliingia humo kwa mlango wa nyuma. Mteja mmoja alimwachia mashine mbovu ya kudarizi na hakurudi tena. Akaifungua, akakuta bodi ndani, akaanza kuuliza kwenye simu kile kidude cheusi ni kitu gani, na kabla wiki haijaisha alikuwa amenasa. Hakuna aliyemlazimisha, na hakuna ambaye angeweza kumtoa.

Lakini kundi lilikuwa na kanuni zake. Mgeni husoma tu. Ukitaka kuandika, shurti uje kwenye mkutano wa mwaka na kompyuta uliyoiunda mwenyewe, uiwashe mbele ya watu, nayo iandike mstari mmoja kwenye kioo kabla ya saa kumi, daftari linapofungwa. Na mkono wa mtu mwingine usiiguse. Ukishindwa, unarudi kwenye ububu wako mwaka mzima.

Kwa hiyo Bi Chaki alisoma. Mwanachama akiuliza kwa nini mashine yake inarudia herufi ileile, yeye aliijibu simu kwa sauti, sindano ikiwa mdomoni: "Angalia waya wa saa, wewe! Umelegea huo!" Wanachama walibishana siku nne wakazunguka kote, siku ya tano wakagundua kwamba ni waya wa saa, ule unaozipigia chipu mapigo ya kazi. Bi Chaki aliiweka simu juu ya meza akaipiga kofi.

Mumewe, mpishi wa hospitali, mwanamume mpole asiyependa makuu, alimkuta siku moja katika hali hiyo.

"Unagombana na nani, mama?"

"Na watu wasionisikia."

"Aa," akasema mumewe akivua viatu. "Kumbe ndoa hiyo."

Alijenga kwa miezi kumi na minne, mchana mchana, kati ya sare za shule na magauni ya harusi. Mchoro aliuchukua kwenye kundi. Ulionyesha chipu saba, kubwa moja ya miguu arobaini na ndogo sita, na waya upi uende mguu upi. Waya hizo hazilehemiwi. Kila moja huzungushwa kwenye kijiti cha soketi, yaani kikalio cha chipu, chini ya bodi, mizunguko saba iliyobanana. Hapo ndipo ufundi wake ulipomsaidia. Fundi yeyote wa nguo anajua kwamba kitambaa huchorwa kwa ndani, na kwamba kulia kwa nje ni kushoto kwa ndani. Kwa kuwa kazi ilikuwa ya chini ya bodi, Bi Chaki hakuunakili mchoro kibubusa. Aliuhamishia kwenye karatasi ya kukatia, akaigeuza karatasi, akatoboa kila tundu kwa pini, kama alivyogeuza mikono ya koti kwa miaka thelathini. Akazungusha waya mia nne na thelathini, akazipanga kwa rangi, akazifunga mafungu kwa uzi. Ukweli usemwe, ilikuwa kazi ya kutazamwa.

Chipu zenyewe hakuzichomeka mpaka mwisho kabisa, maana kwake vifungo hukaa nguo ikishakamilika. Alizichomeka Ijumaa adhuhuri. Saa saba umeme ukakatika mtaa mzima, na Jumamosi asubuhi ulikuwa haujarudi. Basi akaifunga kompyuta yake kwenye kanga mbili bila kuijaribu hata mara moja, akaenda nayo mkutanoni akiwa na wifi yake, msusi, aliyebeba televisheni ndogo kifuani na malalamiko mdomoni.

"Wifi, nikiumia mgongo utanikanda wewe."

"Nitakukanda na kukushonea gauni juu."

"La mikono mirefu?"

"Tembea."

Ukumbi ulikuwa wa chuo cha ufundi, meza ndefu mbili, nyaya za umeme zimetandazwa sakafuni na harufu ya lehemu imejaa kila mahali. Bi Chaki alisimama mlangoni. Watu wale aliokuwa akiwasoma miaka miwili walikuwa pale, wana miguu na matumbo na vicheko, na mashine zao zilikuwa zimewaka mezani, nyingine kwenye boksi la viatu, moja ndani ya pasi kuukuu ya mkaa. Alitamani kuwakumbatia wote na hapohapo alitamani kukimbia.

Wanachama walizunguka mezani wakiwa wamefunga mikono nyuma, maana ndiyo heshima ya mahali pale, na wakichungulia mashine ya mtu walichungulia kwa shingo tu. Daktari wa meno, mwanamke mrefu aliyekuwa katibu wa kundi, aliinama kutazama chini ya bodi ya Bi Chaki akakawia kuinuka.

"Njooni muone waya hizi," akaita. "Mama, nani amekufundisha kupanga hivi?"

"Mashati," akasema Bi Chaki, na uso ukamwaka.

Wakaja, wakaguna, wakasifu. Mwenyekiti naye akaja, fundi lifti mmoja mfupi aliyetembea na daftari kwapani na saa mbili, moja mkononi na moja mfukoni, kwa sababu hakuiamini hata moja kati ya hizo.

"Saa tisa na dakika tano," akatangaza. "Mgeni, washa."

Bi Chaki akawasha. Televisheni ikatoa chengachenga. Akazima, akawasha tena. Chengachenga. Mara ya tatu hivyohivyo, na sasa ukumbi mzima ulikuwa ukimtazama kwa huruma, ambayo ni mbaya kuliko matusi.

"Labda ipigwe kidogo ubavuni," wifi akashauri. "Redio ya marehemu baba ilikuwa haiongei bila kofi."

Bi Chaki alikuwa akihesabu miezi. Mwaka mwingine! Mwaka mzima wa kusoma maswali anayoyajua majibu, wa kuipigia kelele simu isiyo na masikio. Akaweka kidole juu ya ile chipu kubwa. Baridi. Chipu inayokula umeme huwa vuguvugu, hata mgonjwa. Akagusa ya pili, baridi. Ya tatu, baridi. Hazikuungua, hazikuumwa, hazikuwa zimeonja kitu. Akachukua kipima umeme, akatafuta umeme unaingilia wapi kwenye chipu ndogo. Ulitakiwa kuingia kona ya kulia. Ulikuwa unaingia kona ya kushoto. Akapima ya pili. Kushoto. Zote saba zilikuwa zimelishwa upande usio na mdomo.

Akainua uso taratibu.

"Daktari, ule mchoro wa kundi aliyeuchora alikuwa anatazama bodi kwa juu au kwa chini?"

"Kwa chini. Ulishageuzwa tayari, ili mtu asipate tabu. Kila mtu anajua hilo."

"Kila mtu anayeruhusiwa kuuliza," akasema Bi Chaki.

Halafu akaanza kucheka. Alicheka akashika meza, akacheka mpaka chaki ikamdondoka sikioni. Aligeuza kilichogeuzwa! Wajinga wote duniani wangeunakili mchoro kama ulivyo na mashine zao zingewaka. Ni yeye peke yake, mjuzi wa miaka thelathini, aliyejipinda kwa ujuzi wake mwenyewe. Alipoeleza, kicheko kikaambukiza meza nzima, na wifi akacheka kuliko wote ingawa hakuelewa kitu.

Fundi lifti peke yake hakucheka. "Pole, mama. Waya mia nne kuzifumua na kuzirudisha ni kazi ya mwezi. Saa tisa na dakika ishirini na mbili."

"Nani amesema nafumua?" Bi Chaki akajifuta machozi. "Nguo imeshageuka, basi. Tumgeuze mvaaji."

Ilichukua muda kidogo kabla daktari wa meno hajashika mdomo wake kwa mikono miwili. Chipu ikilazwa chali, kulia kwake huwa kushoto. Waya zingebaki kama zilivyo. Ni chipu tu zilizotakiwa kulala kwa mgongo, miguu ikikunjwa kuelekea upande mwingine. Tatizo ni kwamba miguu hiyo ilikuwa ya bati la zamani, na bati la zamani hukunjwa mara moja kwa kudra ya Mungu na mara ya pili hukatika. Chipu ile kubwa aliipata baada ya kuitafuta miezi mitano, na nyingine hakuwa nayo.

Daktari akafungua mkoba wake akatoa koleo nyembamba ya kazini. "Koleo nakuazima. Mkono siwezi."

"Mkono ninao."

Akalaza chipu ya kwanza kwenye ukingo wa meza, akaweka rula ya mbao juu ya miguu, akaisukuma safu nzima kwa mpigo mmoja, kama anayekunja upindo wa sketi kabla ya kuupiga pasi. Kisha upande wa pili. Mguu uliokwenda kombo aliunyoosha kwa koleo. Chipu ikakaa kwenye soketi tumbo juu. Ya pili, ya tatu. Watu walimzunguka mikono nyuma, wakipumua kwa pamoja. Ya nne, ya tano, ya sita. Saa kumi kasoro dakika kumi na moja akaishika ile kubwa.

Safu ya kwanza ilikunjika vizuri. Safu ya pili ikalia, tik, na mguu mmoja ukaruka ukaangukia kiatu cha mwenyekiti.

Wifi akapiga yowe ambalo walilisikia barabarani. Daktari wa meno, mtu aliyeng'oa meno maelfu, alifumba macho. Bi Chaki alihesabu miguu kutoka pembeni kwa ncha ya sindano, akahesabu tena, midomo ikicheza, kwa maana waya zile zote alikuwa nazo kichwani, rangi kwa rangi.

"Wa kumi na nane," akasema. "Huo hauna waya. Sikuwahi kuupa waya." Sauti ikampanda. "Jamani, ni pambo! Limekatika pambo!"

Akachomeka. Pale bodini chipu saba zililala chali, matumbo juu. Fundi lifti aliziangalia kwa uchungu wa mtu anayependa vitu vikae wima. Mmoja wa wanachama akauliza kama hilo linaruhusiwa. Mwenyekiti akafungua daftari, akasoma kanuni mstari kwa mstari, akalifunga.

"Imeandikwa mashine iwake. Ilale vipi, haikuandikwa. Washa, mama, zimebaki dakika nne."

Akawasha. Chengachenga zikacheza, zikacheza, zikasita. Kioo kikawa cheusi. Kisha, herufi moja moja, kubwa na nyeupe na zenye kona, kikaandika:

NIPISHENI NISEME

Ukumbi ulilipuka. Kanuni ya mikono nyuma ikasahauliwa; watu walipiga makofi, walipiga meza, mmoja alimkumbatia wifi kwa makosa naye wifi hakumsahihisha. Fundi lifti aliandika kwenye daftari huku akitazama saa zake zote mbili, na kwa mara ya kwanza zikakubaliana. Daktari wa meno akachukua simu yake, akabonyeza mara mbili.

"Haya, nimekufungulia. Andika."

Bi Chaki akaishika simu yake. Majibu ya miaka miwili yalikuwa yamemjaa mpaka kooni, masahihisho, utani, yule wa waya wa saa, yote. Hakukumbuka hata moja. Akaandika neno moja tu, akalituma.

Hodi.

Simu zililia ukumbi mzima kwa wakati mmoja, mifukoni, mezani, kwenye mikoba. Watu wakazitoa, wakasoma, wakageuka wakamtazama.

"Karibu!" wakaitikia kwa pamoja, na mkononi mwake simu ikaanza kutetemeka bila kukoma, karibu, karibu, karibu mama, karibu sana, za wale ambao hawakufika, watu wa mbali ambao hakuwajua sura ila aliyajua matatizo yao yote. Alilia wazi, bila kujificha, kwa furaha ambayo hakujua kama mtu wa umri wake bado hupewa.

Wifi alichungulia kioo cha simu juu ya bega lake. "Yaani miaka miwili yote hiyo, wifi, ni kwa neno moja?"

"Hilo ni la kwanza," akasema Bi Chaki akijifuta pua kwa kanga. "Nitafutie kiti."