Udongo Mweusi wa Ploti

Nakumbuka siku mama mkwe wangu aliponiuliza maswali matatu mbele ya wazee, na yote nikayajibu kwa ukweli mtupu. Mwanangu, mpaka leo nikiyakumbuka majibu yale naona haya, hata nikiwa peke yangu jikoni.

Ilikuwa miaka ya tisini. Babu yenu Barasa alikuwa na kazi ya kiwanda kule Industrial Area, mimi nauza sukuma wiki hapa mtaa wa Tena. Nilikuwa kijana, mdomo mkali, na nilijiona nina akili kuliko wanawake wote wa ploti tuliyokuwa tukiishi. Sasa nisikilize vizuri kwa hilo neno. Hapa Eastlands mtu akisema ana ploti, ana maana ya vyumba vya kupangisha, mlango kando ya mlango, bomba moja, choo kimoja. Kule kwetu Bungoma ukimwambia mzee ploti, yeye anasikia ardhi. Nilijua hivyo. Nilijua vizuri kabisa.

Mimi ndiye niliyemwingia Barasa kichwani. Shamba la mtoni, alilorithi kwa baba yake, linatupa nini sisi? Mahindi ya mama yako na viazi vyake, basi. Tukiliuza tutajenga vyumba vya mabati Mukuru kwa Njenga, karibu na viwanda, na vibarua watahamia hata misumari haijapoa. Akakataa. Nikamsumbua asubuhi na jioni mpaka akachoka.

"Haya," akasema. "Lakini utakayemwambia Mama ni wewe."

Mama yake ndiye aliyekuwa akililima shamba lile. Watoto wangu walimwita Kukhu, ndivyo kwetu tunavyomwita nyanya. Bila yeye kutamka kwamba amekubali, hakuna mtu wa pale kijijini ambaye angelinunua. Tukasafiri. Wazee wakaketi, mimi namimina chai, na Kukhu akanigeukia.

"Mama Nekesa, hiyo ploti mnayoitaka Nairobi, ina maji?"

"Maji yapo, Mama."

"Na udongo wake?"

"Mweusi tititi."

"Watu wa huko huvuna mara ngapi?"

"Kila mwezi, Mama."

Wazee wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Kumbe Kanaani iko Nairobi na hatukuambiwa!" Kukhu akapiga makofi, akasema amekubali, na mimi nikamwongezea sukari.

Unaona, mwanangu? Maji yalikuwepo, yanauzwa kwa mtungi. Udongo wa Mukuru ni mweusi kweli, mvua ikinyesha unakuvua viatu. Na kodi huja mwisho wa mwezi. Barasa alikuwa ameinamia kikombe chake, hakuniangalia. Njia nzima ya kurudi nilijisifu kwamba sikusema uongo hata kidogo.

Shamba likauzwa, tukajenga. Vyumba vikajaa. Nikaanza kutembea kama mtu mwenye kitu, nikibadilisha leso kila Jumapili.

Halafu Kukhu akaja. Hakutuma salamu mbele, alishuka tu kwenye basi na gunia lake, akauliza njia mpaka mlangoni. Nikalifungua gunia nikidhani ni kuku. Ndani mlikuwa na mbegu za maharagwe, jembe lisilo na mpini, na marando ya viazi vitamu, yale mashina ya kupanda, ameyafunga kwa kitambaa kilicholowa.

"Mpini nitachonga huku huku," akasema. "Sikutaka kubeba mti na Nairobi kuna miti. Twende shambani."

Nikampa chai. Nikamwambia apumzike. Kesho yake nikamwambia tungoje Barasa apate nafasi. Siku iliyofuata nikampeleka kanisani kwa akina mama, wakamwimbia. Yeye kila akirudi anayanyunyizia maji marando yake na kusema, "Mama Nekesa, yananyauka haya." Mwisho Barasa akaniambia, "Mpeleke wewe. Wewe ndiye uliyemwambia."

Tukaenda kwa miguu, yeye na jembe lake mkononi. Tulipoingia kwenye ujia wa vyumba vyetu, kijana mmoja mpangaji, kibarua wa kiwandani, alikuwa anafua. Akamwona.

"Niaje, landilodi! Huyu shosho na jembe ni wa nini? Ama leo mmekubali kutuchimbia choo ingine?"

Ujia mzima ukacheka. Nikamwambia, "Funga mdomo wako, fua nguo zako."

Kukhu hakucheka. Alitazama mabati ya huku na mabati ya huku, katikati mfereji wa maji machafu.

"Ploti iko wapi?"

"Ndiyo hii, Mama."

"Nyuma yake?"

"Nyuma ni vyumba vya mtu mwingine."

Akainama, akachukua udongo kidogo kando ya mfereji, akausugua kwa vidole. Akaunusa.

"Kweli," akasema. "Ni mweusi."

Hakuna mtu aliyewahi kunipiga kofi likaniingia kama neno lile.

"Na huu udongo ni wenu?"

Hata huo haukuwa wetu. Tulikuwa tumeonyeshwa tu mahali pa kujenga, bila hati. Nikasema, "Hapana, Mama. Yetu ni mabati."

Akaupukuta mkono wake. "Basi hukunidanganya. Niliuliza maji, yapo. Niliuliza udongo, ni huu. Kosa ni langu, nilisahau kuuliza ploti ni nini."

Yule kijana aliyekuwa akicheka akamletea kigoda. Akakaa, akanywa maji, akamshukuru. Mimi hakunitazama.

Alirudi nyumbani na marando yake. Krismasi tulipokwenda kumwona, tukamkuta kwenye shamba la mtoni, analipalilia. Nikafurahi kama mjinga, nikadhani aliyelinunua amemwachia kipande. Kumbe alikuwa kibarua. Mwenye shamba alimwita kwa jina, akamwonyesha kwa kidole mstari alioruka, na yeye akarudi kuupalilia. Barasa alisimama kando yangu akalia machozi, mwanaume mzima.

Jioni Kukhu akatuletea viazi vitamu. Alikuwa ameyapanda yale marando kwenye kijipande cha ardhi nyuma ya jiko, nafasi ya kulaza mkeka.

"Kuleni," akasema. "Ni vya ploti yangu."

Watoto wakala. Mimi kile kiazi nikakirudisha sahanini.

Tulijaribu kulirudisha shamba, mwenyewe akakataa. Kwa hiyo zile kodi za Mukuru zikaanza kumkodia Kukhu shamba lingine ng'ambo ya mto, na akalima hapo mpaka nguvu zilipomwisha. Alinisamehe, alisema hivyo kwa kinywa chake. Lakini tangu siku ile nikimwambia neno lolote, hata la heri, alikuwa akinitazama kwanza na kuuliza, "Ni nini hasa?" Nikamwambia Nekesa amepata mchumba. "Mchumba ni nini hasa?" Alikufa akiniuliza hivyo.

Sasa nimewasikia mkinong'ona pale sebuleni, mwanangu, wewe na ndugu zako. Mnataka kuuza kipande cha nyumbani mjenge vyumba vidogo vya kupangisha. Sitawakataza. Vile vya mabati vilisomesha wazazi wenu, na mimi nilivisimamia bila kujua kusoma vizuri, siwezi kuvitukana. Shamba nalo si kitu kitakatifu, linauzwa na kununuliwa. Lakini kabla hujaliuza, nenda ukajue ni nani anakula kutoka hapo leo. Mchukue mtu huyo kwa mkono wako, umpeleke akaone kwa macho yake unachonunua, asimame juu yake, ajue kama udongo ni wako ama ni mabati tu, ndipo umwulize kama amekubali. Na ukiona ameelewa neno vingine, na huko kukosa kuelewa kunakufaa wewe, hapo hapo weka chini birika la chai umrekebishe.

Mungu awape wapangaji wenye adabu na mvua ya kutosha. Awape mikono ya kulima na ya kujenga. Na wazee wenu wakiwauliza swali, awape ulimi wa kujibu hata lile ambalo hawakujua kuliuliza.