Imeshuka Kikima

Jiwe lililovunja kioo cha duka la Khamisa Othman lilikuwa kubwa kama kichwa cha mtoto, na aliyelirusha hakukimbia. Alisimama papo hapo katikati ya soko la Mbumbuni, mikono kiunoni, akingoja mwenye duka atoke. Na Khamisa akatoka. Alitoka na gorogoro, lile kopo la bati la kupimia ndengu na maharagwe, akalivurumisha bila hata salamu. Likampata yule mwanamume, Nyamai, juu ya jicho. Damu ikaruka, wanunuzi wakatawanyika, na wawili hao wakakabana vumbini mpaka wachukuzi wa magunia wakaja kuwatenganisha.

"Ulisema itanyesha," Nyamai alifoka, damu ikimwingia mdomoni. "Nimepanda ndengu shamba nzima kwa neno lako, Mama Idris. Iko wapi hiyo mvua?"

Na Nyamai alisema kweli. Khamisa alikuwa amemwambia kila aliyepita dukani kwamba kuna dhoruba imezaliwa baharini, inakuja pwani, pandeni, itanyesha. Kumbe dhoruba ikapinda kusini ikaenda kukaa upande wa Msumbiji, na ikikaa kule haikuletei mvua, inakunyang'anya. Ilivuta unyevu wote wa nchi hii ikaunywa yenyewe. Mbegu zikaoka ardhini. Na wewe uliyepanda kwa maneno ya mama mwenye duka, utamlaumu nani, upepo?

Basi Khamisa akaapa. Neno "itanyesha" halitatoka kinywani mwake tena. Angesema kilichokwisha kutokea tu, kwa maneno machache, na atakayetaka zaidi akaulize redio. Lile jiwe hakulitupa. Alilitumia kuzuia mlango wa duka usijifunge, na kila asubuhi alilisukuma kwa mguu akilitukana kidogo.

Msidhani alikuwa mama wa kuchezea mambo haya. Mapenzi yake na mawingu yalianza kwa kipigo. Alipokuwa msichana, mvua ya mawe iliporomoka juu ya Mwingi ikatoboa mapaa na kuua kuku, na wenzake wote wakaingia chini ya vitanda. Yeye akasimama uani uso juu, mawe yakimpiga kichwani, akikataa kuingia mpaka mama yake akamburuta kwa sikio. Akachapwa juu ya majeraha. Baba yake, Mzee Othman, muuza vitambaa aliyetoka Malindi akalowea Ukambani, alicheka tu na kusema, "Mwache. Huyu mvua imemshukia."

Ndivyo walivyosema nyumbani kwao. Majirani walisema mvua imenyesha, mvua imekuja. Kwa Mzee Othman mvua ilishuka. Jana imeshuka ya kutosha, leo itashuka tena, alhamdulillahi. Khamisa alikua na neno hilo mdomoni, akaolewa nalo Mbumbuni, akafiwa na mume akiwa nalo, akamlea Idris peke yake. Lakini Idris alilelewa na soko vilevile. Kikamba ndicho alichoota nacho meno, na Kiswahili chake kilikuwa cha stendi na cha vijana wenzake. Mama akiongea cha Malindi, mtoto alikuwa akitikisa kichwa tu, ndio mathe, sawa mathe.

Ni Idris aliyemnunulia simu kubwa, na humo Khamisa akakutana na wagonjwa wenzake wa mawingu. Kikundi chao kilijiita Macho Mawinguni. Kulikuwa na mkulima wa ndengu kule Kyuso, watu wa Kitui mjini, na hasa kulikuwa na Mutunga, fundi viatu wa Kikima, kule juu kwenye milima ya Mbooni. Mutunga alipima mvua kwa mtungi wa plastiki uliokatwa shingo, na alikuwa mbishi kuliko punda. Yeye na Khamisa hawakuwahi kuonana uso kwa uso, na walitukanana kila siku ya Mungu.

Mwaka huu dhoruba nyingine ikazaliwa. Kwanza ilikuwa fungu la mawingu tu, mbali mashariki, halafu ikaanza kujizungusha. Lo, ungewasikia. Walituma picha za setilaiti asubuhi mpaka jioni. Bahari ni moto, dhoruba inakula, itanona. Hapana, upepo wa juu unaikata kichwa, haitafika popote. Ilipopata jicho katikati Mutunga alituma sauti akicheka kwa furaha, na Khamisa, nisimfiche, alipiga kofi kaunta. Walishangilia kama mashabiki wa mpira. Wakati huo kule pwani watu walikuwa wakifunga mapaa kwa kamba.

Ilipiga nchi kavu usiku. Asubuhi redio ikatangaza kwamba dhoruba imeshuka nguvu, imeshuka daraja, si kimbunga tena. Mbumbuni nzima ikasikia. Jua liliwaka vizuri. Idris akafunga kitambaa kichwani na kuchukua sepetu yake.

"Leo mtoni usiende," Khamisa alimwambia.

"Kwani itanyesha?"

Mtoto alijua pa kumchoma. Khamisa akatazama jiwe mlangoni. "Sijui," akasema. "Upepo umekufa, lakini yale maji yake yako juu bado. Nikijua kitu nitakuandikia."

"Basi niandikie, mathe. Mimi nakuaminianga, unajua." Akaenda.

Mto wao ni wa mchanga. Karibu mwaka mzima hauna tone juu, maji yamejificha chini, na watu huchimba visima vya mkono humo humo, na vijana huchota mchanga na kuupakia kwenye malori. Idris alikuwa mpakizi. Na Nyamai, baada ya ndengu zake kuungua, alikuwa amekwenda huko huko, akichimba ndani ya shimo lenye kina kuliko mtu. Mto huo kichwa chake kiko milimani, Kikima. Ukisikia Kikima kumenyesha, wewe uliye Mbumbuni chini ya jua kali, toka mtoni, usiulize. Hilo kila mtu analijua.

Kabla ya adhuhuri Mutunga akatuma sauti. Hakuwa akicheka. Nyuma yake bati lilikuwa likipigwa kama ngoma ya kichaa, na alipiga kelele ili asikike. "Dada Khamisa, hii sijawahi kuona. Mtungi umejaa, nimemwaga, umejaa tena. Barabara imekatika. Ng'ombe wa jirani amebebwa nikiangalia."

Khamisa akamwandikia mwanawe upesi, neno fupi la mtu aliyeapa kutotabiri, la kilichokwisha kutokea, lile la nyumbani kwa baba yake. "Imeshuka Kikima." Akatuma. Akalituma pia kwa kikundi cha wapakizi, ili asiwepo wa kusema hakuambiwa. Akashusha pumzi, akamshukuru Mungu kwamba amewahi.

Jibu la Idris likaja. "Poa mathe. Tunamalizia lori."

Wanamalizia nini? Khamisa alilisoma akakunja uso. Ndipo Kalekye, mke wa Nyamai, akaingia dukani kununua chumvi. Tangu siku ya jiwe alikuwa hasalimii. Leo alisalimia.

"Asante kwa ile meseji, Mama Idris," akasema. "Nyamai alikuwa ametoka shimoni, amesikia baridi ya upepo akaogopa. Idris akawasomea. Akawaambia kwamba mama yake amesema imeshuka, imepungua huko juu. Nyamai amenipigia akicheka, ati siku hizi mama huyo hasemi ovyo, akisema ni kweli. Amerudi kuchimba."

Imeshuka. Kama bei inavyoshuka. Kama redio ilivyosema asubuhi, imeshuka, imepungua. Ee Mola wangu. Khamisa akapiga simu ya Idris, ikalia mpaka ikakatika. Akapiga tena. Kisha akaiangusha simu pale pale, akaruka kaunta kwa ule unene wake, akakimbia. Kalekye akamfuata akiuliza ni nini, ni nini, na Khamisa akamjibu kwa kilio kimoja tu, "Inanyesha, Kalekye, Kikima inanyesha."

Walifika ukingoni wakiwa hawana pumzi. Chini kule mchanga ulikuwa mweupe na mkavu, lori katikati, vijana wakiimba wakirusha sepetu. Khamisa akapunga mikono yote miwili, akapiga mayowe mpaka koo likachanika. Idris akamwona. Alidhani anasalimiwa. Akamwinulia sepetu na kucheka.

Kisha ukaja ule mngurumo. Watu wa mito ya mchanga wanaujua, unausikia miguuni kabla ya masikioni. Idris aliacha kumtazama mama yake katikati ya kicheko, akatazama upande mto unakotoka. Vijana wakatupa vifaa na kukimbia. Yeye naye angewahi, ukingo ulikuwa karibu, lakini aligeuka nyuma akaenda kwenye shimo, akalala kifudifudi na kunyoosha mkono kumvuta Nyamai.

Maji yalikuja yamesimama. Hayakuwa maji, yalikuwa matope meusi, magogo, mizizi, mawe, mlango wa nyumba ya mtu, mbuzi aliyekwisha kufa. Yalilipiga lori ubavuni na kulilaza kama gunia tupu. Khamisa aliona mkono wa Idris umeshika mkono wa Nyamai. Aliona kichwa cha Nyamai kikitokeza shimoni, mdomo wazi. Gogo likapita baina yao, akasikia kitu kikivunjika, akajua ni mfupa. Halafu hakukuwa na shimo wala watu.

Idris alitupwa kwenye mgunga ulioegemea mto. Miiba ilimshika pale maji yalipotaka kumpeleka, ikamchana mgongo na uso, lakini ikamshika. Vijana walimvuta kwa kamba ya lori, mkono wake wa kulia ukining'inia upande usiofaa. Nyamai walimpata mbali chini, penye kona, alipotupwa na mto ukishaanza kuchoka. Sitasema alivyokuwa. Kalekye alimtambua kwa kovu la juu ya jicho, lile la gorogoro.

Na hapo Kalekye akageuka. Alimpiga Khamisa kofi, akampiga ngumi, akamng'oa mtandio na kumshika nywele, akamgongesha kichwa kwenye mchanga, na Khamisa, yule Khamisa aliyemwaga damu ya mtu kwa sababu ya kioo, hakuinua hata kidole. Watu walitaka kuwaachanisha. "Mwacheni," Khamisa alisema kutoka chini. "Mwacheni amalize." Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole hupona.

Hospitalini Idris alifungua macho siku ya pili. Uso wake ulikuwa umeshonwa shonwa. Alimtazama mama yake bila hasira, na hilo ndilo lililomuua Khamisa.

"Si ulisema imeshuka, mathe?"

"Nilisema imeshuka, mwanangu."

Walitazamana. Wote wawili walikuwa wamesema neno lile lile. Idris akafumba macho. Machozi yalimtoka yakaingia kwenye nyuzi.

Macho Mawinguni walituma rambirambi. Mutunga hakutuma picha tena, wala Khamisa hakumtukana. Alirudi dukani kwa sababu hakuwa na pa kwenda, akakaa nyuma ya kaunta, na watu walinunua ndengu zao bila kumuuliza habari za mbingu.

Kesho yake asubuhi Kalekye akaja. Alikuwa amejifunga leso nyeusi, macho yamevimba. Alisimama mlangoni akaliona lile jiwe, akainama akaliokota kwa mikono miwili. Khamisa alimwona. Gorogoro lilikuwa karibu na mkono wake, akalisukuma mbali, akasimama wima mahali ambapo jiwe lingempata vizuri.

Kalekye alilishika jiwe hilo kifuani kwa muda mrefu. 

"Tunachimba kaburi leo, tunazika kesho," akasema. "Udongo wa kwetu ni mchanga mtupu, likiingia maji linabomoka. Sitaki achimbuliwe tena na maji. Wanaume wananiuliza watafute turubai ama wasitafute. Mchungaji hajui, redio inasema huenda." Akalirudisha jiwe mahali pake mlangoni. "Wewe unajua. Niambie, lakini usiniambie kwa maneno ya kwenu."

Khamisa akafungua simu, iliyopasuka kioo tangu ilipoanguka. Alitazama picha ya mawingu, akatoka nje akatazama upande wa Mbooni, akakaa hapo mpaka machozi yakakauka usoni. Kisha akarudi kwa mwanamke aliyefanywa mjane na lile neno, akamtazama machoni.

"Itanyesha," akasema.

Kalekye akaitikia kwa kichwa, akaenda kutafuta turubai.